Kalambo, Juu ya Maporomoko

Kila anayefika Kalambo, maporomoko ya mto ulio mpakani mwa Tanzania na Zambia, huulizia urefu kwanza. Upande wa Tanzania utatajiwa mita 235. Vitabu vingi vya jiografia vinasema 221, na vingine vimepunguza zaidi. Hapo zamani ilidhaniwa kwamba maji yale yanaanguka zaidi ya mita 300, kwa sababu anayechungulia kutoka ukingoni haoni mahali pa kukadiria: hakuna nyumba chini, hakuna mtu, hakuna ng'ombe, ni miti tu iliyojibanza kwenye kivuli. Mwaka 1928 msafara ulioongozwa na mwanamke wa Kiingereza, Enid Gordon-Gallien, ulikuja kulichora korongo hili katika ramani, na vipimo vya miaka hiyo vikashusha makisio hadi mita mia mbili na ushei. Mwaka 1956 wakapima tena, wakapata 221. Tangu hapo kila anayepima anapata tofauti kidogo na mwenzake.

Mimi siioni haja ya kugombana kwa ajili ya mita hizo. Hata ukichukua tarakimu ndogo, Kalambo ni kama mara mbili ya Mosi-oa-Tunya, maporomoko ya Victoria, ambayo yana mita 108 hivi. Na tofauti na Tugela kule Afrika Kusini, ambako maji hushuka kwa hatua, moja baada ya nyingine, hapa mto unafika ukingoni, unaachia mwamba, unaanguka mara moja. Upana wake ukingoni pale hauzidi mita chache. Mto mwembamba, anguko refu.

Lakini historia kubwa ya mahali hapa haiko kwenye anguko. Iko nyuma yake, juu, kwenye kipande cha bonde tulivu ambacho mto hukipita kabla ya kufika ukingoni, ambacho wageni wengi hawageuzi hata shingo kukitazama. Pale, kwenye mchanga na tope, vilifukuliwa vitu vilivyolazimisha wataalamu duniani kote kuandika upya wanachokijua kuhusu watu wa kale. Na maporomoko ndiyo yaliyovitunza.

Kwa anayetoka Tanzania safari huanzia Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa. Barabara ya lami inakwenda Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, kisha inateremka hadi bandari ya Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Huu ni uwanda wa juu wa Ufipa. Upepo wake ni wa baridi, na asubuhi za Juni na Julai mtu asiye na koti atajuta. Mashamba ya mahindi, maharage, ulezi na alizeti yanapishana na vipande vya miombo. Ukifika kijiji cha Kapozwa, upande wa kushoto na kulia bado ni nchi ya kawaida kabisa, nchi ya kilima na mbuga, wala hakuna dalili kwamba mbele kidogo ardhi imekatika.

Halafu inakatika. Hatua chache kutoka kwenye nyasi unakuta ukingo, na chini ya ukingo hakuna kitu. Korongo la Kalambo lina kina cha mita zinazofikia 300, na linaelekea magharibi kilomita chache mpaka linapofunguka kwenye Bonde la Ufa na ziwa. Ngazi zimejengwa kwa wanaotaka kuteremka, na mwenye magoti mazima azitumie. Mimi nawashauri wageni wasiharakie kushuka. Wakae juu kwanza, wautazame mto unavyofanya pale kwenye mdomo wa mwamba.

Maji yanafika yakiwa ya rangi ya chai, yametulia, yamebanwa kati ya mawe. Yanapoachia ukingo yanakuwa meupe papo hapo. Sehemu ya juu ya anguko bado ni mkanda ulioshikamana. Katikati unaanza kuchanika. Kabla ya kufika chini nusu yake imekuwa mvuke unaopeperushwa na upepo wa korongo kurudi juu, ukalowesha ukuta wa mwamba na kuotesha majani mabichi mahali ambapo mvua peke yake isingetosha. Mngurumo unakufikia umechelewa na umefifia. Kuanzia Februari hadi Mei, baada ya mvua, mto ni mkubwa na korongo zima linajaa ukungu. Oktoba umekonda, na upepo ukivuma kwa nguvu unauyumbisha wote.

Kiangazi nacho kina fadhila yake: ndege. Kwenye vibao vya mwamba vilivyojitokeza ukutani, vyeupe kwa mavi ya miaka na miaka, kongoti hujenga viota. Watu wa Kampala wanawafahamu kongoti kwa kuwaona kwenye majalala na juu ya miti ya mjini, wakubwa, wenye vipara na mfuko shingoni. Mara nyingi ndege hawa hutaga mitini. Kutaga kwenye majabali kama wanavyofanya hapa ni jambo la nadra kwao, na Kalambo inajulikana kwa hilo miongoni mwa watazamaji wa ndege. Ukiwa juu unawaona migongo, wakiwa wametandaza mbawa bila kuzipiga, wakipanda na hewa inayotoka bondeni. Ndege ambaye mjini watu humwona hana haiba, hapa anaruka kwa namna ambayo sijaona ndege mwingine akimzidi.

Sasa turudi kwenye swali la kwa nini anguko liko hapa. Ziwa Tanganyika, la pili kwa kina duniani, limekaa kwenye ufa ambao ardhi yake ilizama huku kingo zake zikibaki juu. Mto Kalambo, uliokuwa ukitiririka kwenye uwanda wa juu, ukajikuta hauna tena pa kupita isipokuwa kuruka. Maji yamekuwa yakiula ukuta wa ufa huo kwa kurudi nyuma, kutoka ziwani kuelekea bara, na korongo ndilo jeraha lililobaki. Kasi ya kuliwa huko inategemea aina ya mwamba. Mwamba wa Kalambo ni mgumu mno: ni mchanga wa kale ulioshikamana kwa joto na mgandamizo hadi ukawa jiwe linalotoa cheche. Hauliki upesi.

Kwa kuwa mdomo huo ni mgumu, unafanya kazi ya kizingiti. Mto ulio nyuma yake hauwezi kujichimbia chini kuliko kizingiti kinavyoruhusu. Nyuma kidogo ya maporomoko, kabla mto haujaingia kwenye mbano wa mwisho wa mawe, bonde limepanuka likawa kama bakuli, na ndani ya bakuli hilo mto umekuwa ukizurura: mwaka huu unapita hapa, miaka elfu baadaye unapita kule, ukiacha mchanga, changarawe na udongo mfinyanzi tabaka juu ya tabaka. Maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi. Chochote kilichozikwa humo kikabaki kimelowa muda wote hakipati hewa, na mti usiopata hewa hauozi.

Mti ndio jambo lenyewe. Yeyote aliyesoma historia kidato cha kwanza katika Afrika Mashariki anaikumbuka orodha ya maeneo ya Zama za Mawe: Olduvai, Isimila, Olorgesailie, Nsongezi, Kalambo. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani. Katika karibu maeneo yote hayo tulichorithi ni jiwe, na mara nyingine mfupa. Nenda Isimila, nje ya Iringa, uone mashoka ya mawe yalivyotapakaa. Yamechongwa kwa ustadi, lakini yako peke yake. Mpini, fimbo, kitanda, ua, moto, vyote vimetoweka. Tumewaita watu wale watu wa Zama za Mawe kwa sababu mawe ndiyo yaliyosalia, si kwa sababu waliishi kwa mawe. Mtu yeyote aliyekulia kijijini anajua vitu vingapi vya nyumba hutokana na miti, na vingapi hutokana na mawe.

Mwanaakiolojia Mwingereza J. Desmond Clark, aliyekuwa akisimamia makumbusho ya mji wa Livingstone tangu 1938, alilitambua bonde la Kalambo mwaka 1953. Alikuta kwenye kingo za mto mashoka ya mkono ya mawe, na pembeni yake, katika matabaka yaleyale, magogo. Akarudi kuchimba kwa misimu kadhaa katika miaka ya 1950 na 1960. Timu yake ilifunua sakafu ambazo watu wa kale walikaa wakichonga mawe, vipande vikiwa bado vimelala pale vilipoanguka. Walipata mbegu, matunda, majani na chavua, hata ikawezekana kueleza mimea ya bonde ilivyobadilika hali ya hewa ilipopoa na ilipopata joto. Walipata magogo yaliyoungua na mkaa. Na walipata vipande vya miti ambavyo Clark aliamini vimeguswa na mkono wa mtu: muo wa kuchimbia, kabari, rungu.

Juzuu ya kwanza ya ripoti yake ilitoka 1969, ya pili 1974, na ya tatu 2001. Clark alifariki mwaka uliofuata. Kuna kitu kinachostahili heshima katika maisha hayo: mtu kuona kipande cha mti mtoni akiwa na umri wa miaka 37, kisha akaendelea kukieleza mpaka anakaribia 85.

Hata hivyo Clark alikwama kwenye umri. Njia aliyokuwa nayo ya kupima mabaki ya mimea, ile ya radiokaboni, haiwezi kuvuka miaka 50,000 hivi bila kuanza kukosea, na makisio ya awali ya matabaka ya chini ya Kalambo yalizunguka miaka 60,000. Mashoka yale ya mawe yalionekana ya kale zaidi ya hapo kwa kulinganisha na maeneo mengine. Kwa hiyo miti ya Kalambo ilibaki na sifa ya kutiliwa shaka. Wengine walisema alama zilizo kwenye magogo huenda zilitokana na mawe ya mtoni yaliyoyakwaruza. Kwa miongo mingi wataalamu walipoandika juu ya watu wa kale na miti, Kalambo ilitajwa kwa tahadhari, kisha ikapitwa.

Mwaka 2019 timu iliyoongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, wakishirikiana na wataalamu wa Zambia, ilirudi mtoni. Barham aliwahi kufanya kazi Zambia, na nchi ile anaijua. Walichimba kwenye ukingo, chini ya usawa wa maji, mahali pagumu kuchimba kwa sababu shimo hujaa maji muda wote. Na huko chini wakakuta gogo limelalia gogo.

Tuangalie kwa karibu. Gogo la juu lina urefu wa karibu mita moja na nusu. Ncha zake zimechongwa zikapungua unene. Upande wake wa chini una pengo, limekatwa kwa upana wa kutosha kulipokea gogo la pili linalopita chini yake kwa kukingama. Ndani ya pengo zimo alama za kukata na za kukwangua, zile ambazo mtu huziacha akitumia kitu chenye makali kilichoshikwa mkononi, akigonga kwanza, kisha akilainisha. Gogo la chini nalo limeguswa. Mti wenyewe ni wa jamii ya mlama, mti ambao fundi wa kijijini bado anaukata leo kwa ajili ya nguzo. Fundi yeyote wa paa akionyeshwa picha yake ataelewa bila maelezo: umekatwa ili ukae, usiteleze.

Umri wake ulipimwa na Geoff Duller wa Aberystwyth, Wales, kwa njia isiyohitaji mti wenyewe. Chembe za madini zilizo kwenye mchanga, zikishazikwa mbali na jua, hujikusanyia nishati kidogo kidogo kutoka kwenye mnunurisho wa asili uliomo ardhini. Zikipelekwa maabara gizani na kuchokozwa, hutoa nishati hiyo kama mwanga, na wingi wa mwanga huonyesha zimekaa kizani muda gani. Mchanga uliofunika magogo yale ulitoa jibu la miaka 476,000, kukosea kwake kukiwa miaka 23,000 huku au huku. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature tarehe 20 Septemba 2023. Katika matabaka ya juu zaidi, ya miaka kati ya 390,000 na 324,000, walikuta zana nne za mti, zikiwemo kabari na muo. Kumbe Clark aliona sawasawa.

Miaka 476,000. Mabaki ya kale zaidi yanayohesabiwa kuwa ya watu wa aina yetu, yaliyopatikana Jebel Irhoud nchini Morocco, yana miaka 300,000 hivi. Waliounganisha magogo ya Kalambo walitangulia hao kwa muda unaozidi nusu ya muda wote ambao sisi tumekuwepo. Walikuwa akina nani? Udongo wa Kalambo ni wa asidi, unatunza mti lakini unakula mfupa, na hakuna fuvu wala jino lililopatikana. Wengi hufikiria watu wa aina ile ya fuvu la Kabwe, lililochimbwa mwaka 1921 katika mgodi wa Broken Hill huko hukohuko Zambia, na ambalo hadi leo limewekwa London licha ya Zambia kulidai. Lakini fuvu la Kabwe lenyewe lina miaka karibu 300,000. Kuwafunga pamoja ni kukisia.

Magogo hayo yalikuwa sehemu ya nini? Watafiti wamependekeza jukwaa la kukaa juu ya ardhi chepechepe, njia ya kupitia kwenye tope, au msingi wa kibanda. Katika hayo, la jukwaa ndilo linaloniingia akilini. Ukiangalia bonde lile baada ya mvua utaona kwa nini mtu angetaka pa kukaa pakavu: maji yako miguuni, samaki na matunda viko karibu, kuni zipo, lakini ardhi haikubebi. Hapo mtu hujenga. Na aliyekwisha kujenga hana mpango wa kuondoka kesho. Tulizoea kuambiwa kwamba watu wa kale namna hiyo walikuwa wakihama kila siku wakifuata wanyama. Mikuki ya miti ya Schöningen, Ujerumani, yenye umri mdogo kuliko huu, ni ya kuwindia; kila mmoja ni kitu kimoja kilichochongwa kutoka kwenye mti mmoja. Kalambo kuna vitu viwili vilivyofanywa vikutane. Mchongaji alikuwa na umbo kichwani ambalo halikuwepo kwenye mti wowote alioukata.

Baada ya hapo bonde linaendelea kutumika bila kukatika sana. Matabaka ya juu yana zana ndogondogo zaidi, kisha zile za kuwekwa mipini. Kufikia karne ya 4 Baada ya Kristo wanaonekana wakulima wenye chuma na vyungu vyenye mapambo ya namna ambayo wataalamu wameyapa jina la Kalambo. Vijiji vyao viliendelea hapo kwa karne nyingi. Ufipa yote ikaja kuwa nchi ya wafua chuma. Malungu, yale matanuri marefu ya udongo yaliyozidi kimo cha mtu, bado yamesimama kwenye mashamba kadhaa ya uwanda huu, mengine yameota miti ndani. Yalijengwa ili hewa ijivute yenyewe kupitia matundu ya chini, bila mivukuto. Mivukuto ilikuja baadaye, kwenye tanuri dogo la kusafishia chuma, kintengwe. Majembe ya Ufipa yalifika mbali kwa biashara. Anayepita Sumbawanga na ana nusu siku ya ziada ayatafute matanuri hayo kabla hayajaanguka, kwa maana kila masika hupunguza moja.

Karne ya 19 ilileta watu wa pwani. Katika mwaka 1867 Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, alipita kusini mwa ziwa akitafuta pembe, akapigana na mtemi Nsama wa Itabwa na kumshinda. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, David Livingstone aliufikia mwisho wa kusini wa ziwa, akiwa mgonjwa, akaliandika kwa jina alilolisikia hapo, Liemba. Miezi michache baadaye wawili hao walikutana katika nchi ya Walungu, wenyeji wa pande hizi. Njia za misafara ziliibeba lugha yetu hadi huku, na ziliwabeba pia watu waliofungwa minyororo kuelekea pwani. Mambo hayo mawili yalisafiri katika njia moja, na si haki kutaja moja tu.

Kisha ukaja mpaka. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani walitia saini mkataba ule ambao watu wengi wanaukumbuka kwa Zanzibar na kisiwa cha Heligoland. Ndani yake kuna mstari unaosema mpaka kati ya himaya zao utafuata Mto Kalambo hadi unapoingia Ziwa Tanganyika. Waliouandika walikuwa Berlin, na hawakuwahi kusimama kwenye ukingo huu. Kwa siku moja Walungu waliokuwa wakivuka mto kwenda kuoa na kulima wakawa wa nchi mbili. Maporomoko nayo yakagawanywa kwa urefu, nusu ya maji kwa huyu, nusu kwa yule.

Wajerumani wakajenga boma Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Upande wa pili Waingereza wakajenga Abercorn, ambayo ndiyo Mbala ya sasa. Vita Kuu ya Kwanza nayo ilifika katika vituo hivi. Juni 1916 boti za kivita za Waingereza zilifika mbele ya Bismarckburg, kamanda wao akaogopa mizinga iliyoonekana kwenye kuta, akarudi nyuma. Usiku Wajerumani wakatoroka kwa majahazi. Boma lilipotekwa, inasimuliwa, mizinga ilikutwa ni magogo yaliyochongwa. Magofu yake bado yapo Kasanga, na meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliiunganisha Kigoma mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen kisha wakaizamisha wenyewe mwaka uliofuata, ilikuja kutia nanga chini yake kwa miongo mingi, ikipakia mahindi na samaki.

Vita hiyo ilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa porini na halikupata habari mpaka siku kadhaa baadaye. Liliweka silaha chini Abercorn tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya amani. Mjerumani yule ameandikiwa vitabu vingi. Askari zaidi ya 1,100 waliojipanga mvuani pamoja naye, na wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote mbili, ambao huku waliitwa tenga-tenga, wameandikiwa kidogo sana. Wapagazi ndio waliokufa kwa wingi kuliko wote, kwa njaa, kuhara na homa. Njia zao zilipita katika vilima hivihivi vya Kalambo.

Leo eneo la upande wa Tanzania liko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kama hifadhi ya mazingira asilia, na hilo ni jambo jema kwa miombo iliyobaki na kwa kongoti. Zambia imeliweka eneo la kale la Kalambo kwenye orodha yake ya mapendekezo ya Urithi wa Dunia tangu 2009. Mimi natamani pendekezo hilo lirudi likiwa limeandikwa na nchi zote mbili. Mto wenyewe haujui mkataba wa 1890, na mchanga uliofunika yale magogo uliteremshwa kutoka pande zote mbili za bonde. Natamani pia pawepo Kapozwa chumba kimoja tu, chenye mfano wa magogo yale kwa ukubwa wake halisi, mtoto wa shule kutoka Matai aweze kuweka kidole ndani ya lile pengo. Gharama yake ni ndogo. Seremala wa Sumbawanga angeuchonga kwa siku chache, na mlama haujaadimika.

Kwa anayetaka kuliona bonde lenyewe la juu, njia nyepesi ni ya upande wa Zambia. Chukua pasi ya kusafiria, pita kituo cha mpakani cha Kasesya, endelea hadi Mbala. Hapo liulizie Jumba la Makumbusho la Moto Moto, lililokusanya vyombo vya kazi na vya unyago vya watu wa kaskazini mwa Zambia, na Ziwa Chila, ambamo husemwa silaha za mwaka 1918 zilitoswa. Kutoka Mbala hadi maporomokoni hazifiki kilomita hamsini, barabara ni ya vumbi, na masika hupitika kwa gari la juu tu. Ukifika mwombe mwongozaji asikupeleke moja kwa moja kwenye ukingo wa kutazamia. Mwombe akupandishe kwanza na mto, nyuma ya mawe, mpaka pale unapopanuka na kuanza kupita taratibu juu ya mchanga.